SACCOS moja ya Kanda ya Ziwa na API ya kutuma meseji: walivyochagua kwa bei, kilichowakuta, na walivyochagua upya

Usuli

API ni njia ya programu moja kuiagiza nyingine kazi, hapa ni mfumo wa SACCOS kuiagiza kampuni ya meseji itume. SACCOS yenyewe iko Kanda ya Ziwa, jina nimeliondoa, mji nimeuondoa, na watoa huduma waliohusika sitawataja, nitawaita wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hesabu za hela zao pia nimeziacha maana mtu wa maeneo yale akiziona tu anajua ni akina nani.

Wanachama wengi ni wakulima wa pamba na mpunga, wapo walimu, wapo wenye maduka ya rejareja. Simu zao ni viswaswadu, simu janja ikiwepo nyumbani basi ni ya kijana na kijana mwenyewe yuko Mwanza anatafuta maisha. Kwa hiyo mambo ya WhatsApp sijui ya kutengeneza app yao yalifia kwenye kikao cha kwanza cha bodi, meseji ya kawaida ndiyo inamfikia kila mtu, hata asiye na bando wala salio.

Walitaka meseji za aina tatu: risiti mtu akiweka au kutoa hela, kumbusho la marejesho ya mkopo siku chache kabla, na tangazo la mkutano mkuu. Lakini roho ya jambo ilikuwa risiti. Huko nyuma kuna karani alikuwa anapokea hela dirishani, anaandika kwenye kitabu cha mwanachama vizuri kabisa na muhuri anagonga, ila kwenye mfumo haingizi. Ilipogundulika bodi ikaamua kwamba kila shilingi ikiingia mwenye nayo apate meseji palepale kabla hajatoka mlangoni, asipopata aulize. Mtu wa nje anaweza kuona hizi ni meseji za kupendezesha huduma tu, kumbe kwao ni ulinzi dhidi ya wizi, na hilo linabadilisha kila kitu kwenye kuchagua API. Ulinzi ambao haufiki kwa mwenye mali ni mbaya kuliko kutokuwa nao maana watu wameshauamini.

Mfumo wao wa uhasibu uko kwenye kompyuta moja ofisini, na kuna kijana developa wa mkataba aliyeutengeneza na kuutunza. Mimi niliitwa baadaye na meneja, mama mmoja makini sana, aliyekuwa na swali moja tu: kwa nini bili ya meseji inapanda kuliko wanachama wanavyoongezeka.

Uchaguzi wa kwanza

Utaratibu wao wa manunuzi unataka nukuu tatu za bei, basi kijana akaomba nukuu tatu, akachora jedwali, safu ya kwanza jina la kampuni, safu ya pili bei ya meseji moja, safu ya tatu maelezo mengine ambayo karibu yote yalikuwa matupu. Bodi ikachagua wa bei ya chini. Siwalaumu, ukipewa jedwali lenye safu moja tu yenye namba utachagua kwa namba hiyo.

API ya huyu wa kwanza ilikuwa rahisi kupita kiasi: maelekezo ukurasa mmoja wa PDF, unaita anwani moja ya intaneti ukiwa umechomeka humohumo jina la akaunti, nywila, namba ya simu na maandishi, nayo inakujibu OK. Kijana aliiunganisha mchana mmoja, jioni meseji ya majaribio ikaingia kwenye simu ya mwenyekiti, bodi ikapiga makofi.

Nilipouliza ile OK ilikuwa na maana gani, kila mtu ofisini alinijibu bila kusita kwamba meseji imefika. Kwenye ile PDF hakuna sentensi hata moja iliyosema hivyo. OK ilimaanisha seva ya mtoa huduma imepokea ombi, mwisho. Baada ya hapo meseji bado ina safari, inatoka kwa mtoa huduma kwenda kwenye kituo cha meseji cha mtandao wa simu, pale inasubiri, ndipo mtandao unaitafuta simu ya mwenyewe, ikiwa hewani inapokea na kurudisha jibu kwamba nimepata, ikiwa imezimwa meseji inakaa ikisubiri mpaka muda wake uishe. Taarifa ya hatua ya mwisho ndiyo inaitwa ripoti ya kufika, na API yao haikuwa nayo kabisa. Ilikuwepo kwenye ukurasa wa tovuti, ukiingia na kushusha faili, na hata hapo kila mstari uliandikwa Sent, yaani imetumwa.

Mambo yalivyokwenda

Cha kwanza kilikuwa jina la mtumaji. Jina linalotokea juu ya meseji badala ya namba haliruhusiwi kuzidi herufi 11, jina la SACCOS ni refu, wakalikata likasomeka ajabu kidogo lakini likapita. Jina hilo halisajiliwi mara moja kwa nchi nzima, kila mtandao unaliidhinisha kivyake. Mtoa huduma aliwaambia jina limekubaliwa, akanyamaza kwamba limekubaliwa kwenye baadhi ya mitandao na kwenye mmoja bado. Matokeo yake wanachama wa mtandao ule hawakupata kitu kwa wiki kadhaa, na kila meseji yao ilikatwa hela na kuandikwa Sent. Ofisini hakuna aliyejua kwa sababu simu ya meneja, ya mhasibu na ya kijana zote zilikuwa mtandao mwingine, wakijaribu inaingia, wakijaribu inaingia, mwanachama akilalamika anaambiwa afute meseji za zamani simu imejaa. Wengine walizifuta kweli, maskini.

Cha pili kilikuwa risiti kuingia mara mbili. Hiki kilianzia dirishani, karani alinisimulia mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuchukua ile laki nyingine."

"Ipi hiyo mzee?"

Mzee akatoa simu. Alikuwa ameweka laki moja, akapata meseji ya laki moja, dakika haijaisha akapata ya pili, ileile. Akahesabu kwamba mwanae aliyeko Dar amemwekea, akampigia kumshukuru, mwanae naye kwa aibu hakukataa wala hakukubali. Karani akachapa taarifa ya akaunti, wakakaa na mzee karibu nusu saa, na mzee aliondoka akiwa na uhakika kwamba laki yake imeliwa. Katika ofisi ambayo tayari ina historia ya karani mwizi, unaweza kufikiria habari ile ilivyosambaa mnadani.

Sababu ya kiufundi ni ya kawaida sana. Intaneti ya ofisini ni laini ya simu ndani ya ruta, kuna saa inakuwa nzito. Programu ya kijana ilikuwa inasubiri jibu kwa sekunde 10, lisipokuja inatuma tena, mpaka mara tatu. Mtoa huduma akiwa na foleni, ombi la kwanza linapokelewa salama na meseji inakwenda, ila jibu la OK linarudi sekunde ya 12, kwa hiyo programu inadhani imeshindwa na kutuma nyingine. Dawa yake inajulikana: kila ombi unalipatia namba yake ya kumbukumbu, mtoa huduma akiona namba ileile mara ya pili anajibu hii nimeshaipokea na hatumi tena, au angalau unaweza kumuuliza ile namba fulani imefikia wapi kabla hujarudia. API ya kwanza haikuwa na mahali pa kuweka namba ya kumbukumbu. Hapo hata kijana angekuwa fundi kuliko wote nchini angebaki na mambo mawili tu, arudie na ahatarishe meseji mbili, au asirudie na ahatarishe kukosekana kabisa.

Ile bili

Hili ndilo nililoitiwa na ndilo lililonichukua muda, niseme ukweli ndilo nililolifurahia.

Tulishusha orodha ya makato ya mwezi mzima tukapanga kwa kila mwanachama. Risiti zote zinatoka kwenye maandishi yaleyale, urefu wake herufi 140 na kitu, kwa hiyo kila moja ilitakiwa kuhesabiwa meseji moja. Wengi ni moja kweli. Lakini kuna kundi la watu kila risiti yao imekatwa meseji tatu, siyo mbili, tatu, na siyo siku moja, ni kila siku. Kijana alidhani ni mtandao wao, tukaangalia, wamechanganyika. Tukadhani ni majina marefu, wapo wenye majina marefu waliokatwa moja.

Meneja ndiye aliyeona. Alikuwa anapitisha kidole kwenye majina akasema mbona hawa wote ni Wasukuma wenzangu wa ng'. Akina Ng'wandu, akina Nyang'oko, na wengine ambao jina halina ng' lakini kijiji wanachotoka kimeandikwa kwenye risiti kwa jina la tawi, kama wale wa upande wa Nyang'hwale.

Sasa kwa nini. Meseji moja ina nafasi ya baiti 140 basi, baiti moja ikiwa biti 8, huo ndio ukubwa wake tangu ilipobuniwa. Ukiandika kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, ile ya mfumo wa simu za mkononi, kila herufi inakula biti 7, ndiyo maana zinaingia 160. Alfabeti hiyo ina herufi zote za Kiswahili, ina namba, ina ile koma ya juu iliyonyooka inayotumika kwenye ng'. Haina koma ya juu iliyopinda. Herufi moja tu isiyokuwemo ikiingia, meseji nzima inahamishiwa alfabeti nyingine ambayo kila herufi inakula baiti mbili, nafasi zinashuka kutoka 160 mpaka 70. Na ikizidi meseji moja, kila kipande kinaacha nafasi kidogo ya maelekezo ya kuunganisha vipande, kwa hiyo zinakuwa 153 kwa alfabeti ya kawaida na 67 kwa ile nyingine. Herufi 140 na kitu ukizigawa kwa 67 unapata vipande vitatu. Simu inaviunganisha, mwanachama anaona meseji moja safi, bili inaona tatu.

Koma iliyopinda ilitoka wapi? Wanachama wa zamani waliingizwa kwenye mfumo moja kwa moja kwa kibodi, koma zao zimenyooka. Wapya waliandikwa kwanza na katibu kwenye Word, na Word ina tabia ya kupindisha koma yenyewe bila kuulizwa, halafu orodha ikanakiliwa kwenye mfumo. Kadiri vikundi vipya vilivyojiunga ndivyo bili ilivyopanda. Na baadaye tukagundua kumbusho la marejesho nalo lilikuwa limeandikwa upya na katibu huyohuyo kwenye Word, ndani yake kuna kistari kirefu kati ya maneno mawili, kistari kirefu nacho hakimo kwenye alfabeti ya GSM, kwa hiyo makumbusho yote ya mwezi, ya kila mwanachama awe na ng' asiwe nayo, yalikuwa yanalipiwa kwa hesabu ya 67. Hapo ndipo hela nyingi ilipokuwa inakwenda, majina yalitusaidia tu kuuona mlango.

Mtoa huduma wa kwanza hakuwa amewaibia hapo, makato yalikuwa halali kabisa. Ila jibu la API yake halikusema meseji hii imehesabiwa vipande vingapi, invoisi ilikuja na jumla moja ya mwisho wa mwezi. Bei ya chini kwa kipande, vipande vitatu badala ya kimoja, na juu yake VAT ya asilimia 18 ambayo kwenye nukuu haikuwepo.

Uamuzi wa kubadilisha, na njia walizokataa

Kijana alikuja na pendekezo la kwanza: tutumie watoa huduma wawili kwa kuangalia namba inaanzaje, namba za mtandao huu zipite kwa huyu mwenye bei nzuri huko, za mtandao ule zipite kwa yule. Lilionekana la akili lakini tulilikataa kwa sababu tangu Machi 2017 Tanzania mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo namba inayoanza na 075 inaweza isiwe Vodacom, na 071 haikuambii tena kwa uhakika iko wapi. Ukipanga njia kwa tarakimu za mwanzo utapeleka baadhi ya meseji mahali ambapo mwenyewe alishahama. Kazi ya kujua namba iko mtandao gani leo muachie mtoa huduma aliyeunganishwa na mitandao, na muulize anaijuaje.

La pili lilikuwa kuunganika moja kwa moja kwa SMPP, ile itifaki ambayo watoa huduma wakubwa na mitandao wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Inavutia kwa kasi yake, ila inataka muunganisho unaokaa wazi muda wote, na ofisi yao umeme ukikatika kila kitu kinalala. Kwa meseji za SACCOS moja ni mzigo usio na sababu, wakabaki na API ya kawaida ya HTTP, ile ya kuita anwani ya intaneti.

Kisha tukaandika upya lile jedwali, bei ikawa safu ya mwisho. Safu za mbele zilikuwa maswali: jibu lako la kwanza linamaanisha nini hasa, ripoti ya kufika unanipaje, unapokea namba yangu ya kumbukumbu na ukiiona mara mbili unafanya nini, unaniambia vipande vingapi kwa kila meseji, naweza kupanga meseji iishe muda baada ya saa ngapi, jina langu limeidhinishwa mtandao kwa mtandao na naweza kuona hali yake, na meseji iliyokataliwa unanikata hela au hunikati.

Maswali ya kuuliza kwa barua pepe kila mtu anajibu ndiyo. Kwa hiyo wakapima wenyewe. Wakakusanya laini za mitandao yote, Vodacom, Airtel, Yas ambayo watu wengi kule bado wanaiita Tigo ingawa jina lilibadilika Novemba 2024, Halotel na TTCL, nyingi zikiwa ndani ya viswaswadu vya kuazima vilivyopangwa juu ya meza ya mhasibu, na moja kwenye simu janja. Kila mtoa huduma akatumiwa mambo yaleyale: risiti ya kawaida, risiti yenye ng' iliyopinda, meseji kwenda simu iliyozimwa makusudi, meseji kwenda namba isiyokuwepo, meseji ileile mara mbili yenye kumbukumbu moja, na moja ambayo kijana alichomoa waya wa ruta katikati ya ombi. Halafu wakapiga simu ya huduma kwa wateja Jumamosi jioni kuona nani atapokea.

Mtoa huduma wa pili ni kampuni ya nje yenye maelekezo mazuri sana, mifano ya lugha zote za programu, API iliyonyooka, ripoti za kufika safi. Bei kwa dola, malipo kwa kadi, na kusajili jina la mtumaji Tanzania kulihitaji barua na nakala za usajili zinazozunguka kwenda na kurudi. Kijana alimtaka huyu kwa moyo wote, na nilimwelewa. Wa tatu ni wa hapa nchini, maelekezo yake yana makosa ya hapa na pale, ukurasa mmoja wa mifano ulikuwa umepitwa na wakati kabisa, lakini alipita majaribio yote isipokuwa moja: kumbukumbu ikirudiwa hakuikataa, alituma tena. Ila anakuruhusu kuuliza kwa kumbukumbu kabla hujarudia. Na simu ya Jumamosi ilipokelewa na mtu anayejua anachoongea.

Kilichomwondoa wa kwanza ni simu iliyozimwa. Wa pili alileta jibu sahihi, EXPIRED, yaani muda wake umeisha, baada ya muda tuliompangia. Wa tatu naye EXPIRED. Wa kwanza, tuliyemrudisha kwenye majaribio ili tuwe waadilifu, aliandika Sent ndani ya sekunde mbili, simu ikiwa imelala kifudifudi mezani betri iko pembeni.

Wakamchagua wa tatu. Dola na kadi ndivyo vilivyomwangusha wa pili, mhasibu wa SACCOS ya vijijini hawezi kwenda kwa bodi kila mwezi na bili inayobadilika kwa sababu ya dola.

Walivyoijenga upya

Ripoti za kufika zinakuja kwa mtoa huduma kuigonga anwani yako ya intaneti na kukwambia meseji namba fulani imeishia hapa. Kompyuta ya ofisini nyuma ya ruta haina anwani ya kugongwa na mtu wa nje. Hili lilisahaulika mpaka siku ya kuunganisha, wakakodi seva ndogo ya kulipia kwa mwezi ikawa katikati, inapokea ripoti, inashika foleni ya meseji, na ina anwani ya kudumu ambayo mtoa huduma ameiorodhesha kwamba maombi yatoke hapo tu. Nywila ikaondoka kwenye ile kompyuta ambayo kila karani anaikalia.

Mfumo ukiingiza hela, meseji inaandikwa kwenye foleni ikiwa na namba ya muamala kama kumbukumbu. Jibu lisiporudi seva haitumi tena kwa pupa, inauliza kwanza. Maandishi kabla hayajaondoka yanapita kwenye chujio inayonyoosha koma, inafupisha vistari, na kuondoa zile nafasi za ajabu zinazotoka Word. Kwenye skrini ya katibu kuna kihesabu cha vipande, kikivuka kimoja kinageuka chekundu. Namba za simu zote zikawekwa mtindo mmoja, 255 na tarakimu tisa, kazi iliyochosha kuliko zote maana orodha za Excel zilikuwa zimekula sifuri za mwanzo na nyingine zimegeuka kuwa 2.55E+11, ambayo hairudishiki, ilibidi watu wapigiwe mmoja mmoja au wasubiriwe waje dirishani.

Wa pili aliwekwa kama akiba, na hapa kulikuwa na ubishi. Kijana alitaka wa tatu akichelewa tu mfumo uhamie wa pili wenyewe. Tulikataa, kuchelewa siyo kushindwa, ukihama kwa kuchelewa umerudi kwa mzee na laki zake mbili. Mfumo unahama pale tu ripoti inaposema imeshindikana, au mtu akibonyeza mwenyewe.

Matokeo

Risiti mbili zimekoma. Risiti zenye ng' zimerudi kuwa kipande kimoja na makumbusho vilevile, na bili ya mwezi uliofuata ilikuwa chini ya ile ya zamani ingawa bei ya kipande kimoja kwa mtoa huduma mpya ni kubwa zaidi. Mhasibu aliikagua mara mbili akidhani kuna siku zimeruka.

Faida ambayo hakuna aliyeipanga ni orodha ya asubuhi: meneja anapata majina ya ambao risiti yao ya jana haikufika, na karani anawapigia. Humo ndimo walipowakuta waliobadilisha namba, na wachache ambao namba yao kwenye mfumo ilikuwa ya karani yule wa zamani. Hilo sitaliendeleza, liko mikononi mwa wanaohusika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kupima kwa matukio mabaya. API zote hutuma meseji nzuri kwenda simu iliyo hewani, hapo hazitofautiani. Tofauti inaonekana namba ikiwa mbovu, simu ikiwa imezimwa, intaneti ikiwa imekatika katikati, na majaribio hayo yalihitaji laini chache na mchana mmoja, gharama ndogo kuliko makato ya kistari kirefu kwa mwezi. Kufanya majaribio kwa viswaswadu nako kulisaidia, kuna meseji moja ndefu ambayo kwenye simu janja ilitokea imeunganika na kwenye simu moja ya zamani vipande vilikuja vimepishana, cha pili juu cha kwanza chini. Wakaifupisha.

Kilichofeli kwanza ni utaratibu wa nukuu tatu ukitumika kwa kitu kisichofanana. Ukinunua saruji mifuko inafanana, ukinunua meseji mmoja anauza ombi lililopokelewa, mwingine anauza ujumbe uliofika, na wote wanaiita meseji. Bodi haikukosea hesabu, ilipewa hesabu ya vitu viwili tofauti. Cha pili ni kijana kuachwa peke yake, hakuna mtu aliyemwambia kwamba hizi risiti ni ulinzi dhidi ya wizi, yeye aliambiwa unganisha SMS. Angejua, ile OK angeitilia shaka tangu mwanzo, ndivyo nilivyomwona anavyofikiri.

Nisingesema wa kwanza ni mbaya kwa kila mtu. Kanisa linalotangaza harambee halihitaji ripoti ya kufika kwa kila muumini, API ya mstari mmoja inawatosha na bei yake ni nzuri. Mahali ambapo meseji ina hela ndani yake ndipo mambo yanabadilika. Na hata hivyo ripoti ya DELIVRD, yaani imefika, inathibitisha kwamba simu imepokea, haisemi nani kaisoma, na hapo ndipo wamebaki na tatizo ambalo API yoyote haiwasaidii. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Kuna mama mmoja risiti zake zilikuwa zinafika vizuri kabisa, DELIVRD kila mwezi, zote kwa kijana mmoja asiyemjua aliyenunua ile namba na ambaye alikuwa anajua akiba ya mama yule kuliko watoto wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtazama anayetunza taarifa, yaani SACCOS. Kwa sasa wameondoa salio kwenye risiti, imebaki kiasi kilichowekwa na tarehe, na mwanachama akija dirishani anaulizwa namba yake kwanza kabla ya kitu kingine. Baadhi ya wazee wanalalamika kwamba walizoea kuona salio lao, na bodi bado haijakubaliana iwajibu nini.